Usibanduke, Tutakurudia

Bwana mmoja anayetengeneza filamu alikuja kuniona ofisini, akaniambia anataka kuandika kichekesho cha kazini. Kingekuwa juu ya mwanamke mkubwa katika kituo cha televisheni: hana mume, hana subira, hana usingizi, anafoka kutwa nzima, na mwisho wake anapata akili. Alikuwa ameambiwa kwamba hapa Mombasa mwanamke wa namna hiyo ni mimi. Nilimtazama, nikaona hana nia mbaya. Nikamwagizia chai, nikampa kisa kimoja. Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini nilimwacha njiani, sikumfikisha mwisho, kwa sababu mwisho wake hauchekeshi, na kwa sababu nimechoka kuchekesha watu. Hapa nakieleza chote.

Kituo chetu kilikuwa ghorofa ya tatu, upande wa Mbaraki, kwenye jengo lenye lifti iliyofanya kazi siku za wageni tu. Nilikuwa mtayarishaji wa kipindi cha asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu, siku tano kwa wiki, kwa miaka kumi na moja. Mtangazaji ndiye mliyekuwa mkimwona. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo, kwenye chumba cha mitambo, nikimsemesha sikioni: geukia kamera ya pili, nyoosha kola, mgeni analala, mwamshe. Zaidi ya yote nilikuwa nikimwambia: kata. Kata huyo, kata hilo, kata sasa hivi. Wafanyakazi wenzangu waliniita Bi Mkasi. Walidhani sijui. Nilijua, na ukweli ni kwamba nilijivunia.

Tatizo letu kubwa lilikuwa salamu. Watu wa bara wakipiga simu kwenye kipindi husema habari ya asubuhi, kisha hoja, kisha kwaheri. Watu wetu wa Mji wa Kale hawana haraka hiyo. Mtu akipigiwa hodi hana budi kuuliza hali, na hali ya waliomo ndani, na watoto, na wameamkaje, na yule aliyekuwa mgonjwa anaendeleaje, hata kama hajui kama kuna aliyekuwa mgonjwa. Na mtangazaji wetu alikuwa mwana wa mjini, mtoto wa watu waliosoma adabu kabla ya alifu. Hakuweza kuachia salamu ianguke chini. Akiulizwa, alijibu, akijibu, naye aliuliza. Dakika tatu za maoni ya wananchi zilikwisha wananchi wakingali wanamshukuru Mwenyezi Mungu.

Mabibi wote wa mji walimpenda yule mtangazaji kama tumbo lao limemzaa. Walimwita mwanangu. "Mwanangu, jana ulikohoa, kunywa tangawizi." Jambo hili la mwanangu likumbukeni.

Ikaja habari kwamba mkubwa wetu wa Nairobi atashuka kutazama kipindi. Kulikuwa na maneno mawili yakizunguka ofisini. La kwanza, kwamba huenda kipindi kikahamishiwa Nairobi na sisi tukaambiwa asanteni. La pili, kwamba kikibaki, atateuliwa mkuu wa vipindi vyote vya Pwani, na mtu huyo huenda akawa mimi. Nilikitaka cheo hicho. Sitasingizia kwamba nilikitaka kwa ajili ya wenzangu. Nilikitaka kwa sababu nilikuwa na miaka arobaini na minne, niliamka saa tisa za alfajiri kila siku, na niliwafundisha kazi wanaume watatu ambao sasa walikuwa wakinitumia maagizo kutoka juu.

Basi nikatunga sheria. Nikaandika kwenye karatasi kwa kalamu nene, nikaibandika ukutani kwenye chumba cha simu: SALAMU MOJA, SWALI MOJA, SEKUNDE ISHIRINI. Nikatia na kapu mlangoni pa chumba cha mitambo, kila anayeingia aweke simu yake humo ikiwa imezimwa. Yangu ilikuwa ya kwanza kuingia kapuni. Mwenye kutunga sheria lazima aonekane akiifuata.

Mpokea simu wetu alikuwa dada mwenye asili ya bara, Mkristo mcha Mungu, mwenye hati nzuri na roho tulivu. Baba yake alikuwa amefanya kazi reli, naye alizaliwa hapa hapa kisiwani, lakini kwao nyumbani Kiswahili kilikuwa cha kibara. Kwake yeye kila mwanamke aliyempita umri alikuwa mama. Mama muuza maembe wa Marikiti, mama mfagizi, mama mkurugenzi. Ni heshima, na hakuna wa kumlaumu.

Sasa niseme habari za mama yangu mimi.

Tulikuwa tukikaa pamoja Kibokoni, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Kukaa pamoja ni namna ya kusema. Nilipotoka alikuwa hajaamka, niliporudi nilikuwa nasinzia nimesimama, nikila huku nikiandika mpango wa kesho. Mazungumzo yetu yalikuwa kupitia televisheni. Aliiwasha saa kumi na mbili kamili na kuikalia mpaka saa tatu. Na hakuwa akiiona. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akiona rangi zikitembea tu. Lakini alisikiliza kila neno, na kipindi kilipokwisha na muziki wa mwisho kupigwa, alimwuliza jirani yetu aliyekuwa akija kunywa naye kahawa: limepita?

Alikuwa akiuliza jina langu. Mwisho wa kipindi majina ya watayarishaji hupanda kwenye kioo, yakitoka chini kwenda juu, na langu lilikuwa la nne, jina langu na la baba nyuma yake. Jirani alimwambia limepita, lapanda mbio kama mwizi wa nazi. Mama alicheka. Kisha akaniambia mimi, siku moja nilipokuwa nikivaa viatu: "Nataka nitengezwe mato haya, mwanangu, nilisome mwenyewe. Lako na la babako. Nimesoma mpaka darasa la nne mie, si kipofu wa herufi."

Nikamtafutia daktari wa macho. Ilichukua miezi. Nafasi ilipopatikana, ilikuwa saa nne za asubuhi, siku ile ile ambayo baadaye mkubwa wa Nairobi aliichagua kuja kwetu. Nilipiga hesabu ya kichwani: kipindi kinakwisha saa tatu, saa tatu u nusu nitakuwa mlangoni kumchukua, saa nne tutakuwa kwa daktari. Nilimwambia asile kitu, maana aliagizwa aende na tumbo tupu kwa ajili ya vipimo. "Nitakuja kukuchukua," nikamwambia. "Usitoke peke yako, ngazi zile zitakuangusha." Akaniambia, "Haya, ntakungoja."

Mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile lifti ilifanya kazi, choo kilikuwa na sabuni, na mkubwa aliingia chumba cha mitambo akiwa na viatu visivyo na vumbi hata chembe. Alisimama nyuma yangu. Hakuketi. Mtu akikusimamia nyuma saa mbili nzima shingo yako hujua.

Mada ya asubuhi niliichagua mimi: je, vijana wa Pwani waende Nairobi kutafuta kazi, au wakae kwao? Nilidhani itampendeza. Simu ya kwanza ilikuwa ya dereva wa tuktuk, ikaisha vizuri. Ya pili ilikuwa ya mwalimu, ikaisha vizuri. Nilimwona mkubwa kwenye kioo akipiga mwayo. Nilitaka kitu cha kumwamsha na sikuwa nacho.

Saa mbili na dakika kumi dada wa simu akapitisha kikaratasi: Mama, Mji wa Kale. Nikaashiria, mpe mtangazaji.

"Asalaam aleikum," ikasema sauti.

"Waaleikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh," akajibu mtangazaji, na kwa urefu wa jibu lile nikajua tumekwisha.

"Hamjambo nyote huko?"

"Hatujambo mamangu, twamshukuru Mola. Sijui nyie nyumbani?"

"Sisi salama. Mumeamkaje? Wenzenu je, wazima?"

Nilikuwa nimeinamia kipaza sauti nikisema sikioni mwake: kata, sekunde kumi na mbili, kata, kumi na tano. Ukiwa unasema humsikii mwingine. Hiyo ndiyo hoja yangu niliyojitetea nayo miaka yote. Lakini nitasema kweli: hata kama ningenyamaza nisingesikia. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimejifunza kutosikia sauti za watu. Nilisikia sekunde.

"Mama, swali lako," akasema mtangazaji, akiwa na aibu usoni.

"Nilikuwa nauliza, mwanangu. Niende, au nikae?"

Chumba chote kikalipuka. Mpiga picha alishika tumbo. Bibi wa Mji wa Kale anauliza kama aende Nairobi kutafuta kazi! Nyuma yangu nikasikia kishindo cha kicheko kama mtu aliyepaliwa, nikageuka, nikamwona mkubwa amejishika kwenye kiti changu, machozi yanamtoka. Nikasema sikioni mwa mtangazaji: kata hapo hapo, usimwache aharibu.

Naye, kwa furaha, akasema maneno yetu ya siku zote: "Kaa hapo hapo mama! Usibanduke, tutakurudia!"

Tukaenda kwenye tangazo la sabuni.

"Hiyo," akasema mkubwa, akijifuta macho kwa leso, "hiyo ndiyo televisheni."

Baada ya kipindi alinivuta chumba cha mkutano na kufunga mlango. Nilikumbuka saa. Wallahi niliikumbuka, nikatazama ukutani ikawa saa tatu na robo, nikajiambia dakika kumi tu. Akasema kipindi kitabaki Mombasa. Akasema wameniangalia muda mrefu. Akaanza kuuliza nini kingine kinaweza kupunguzwa ili kipindi kiwe chepesi, na mimi, niliyekuwa sijawahi kuulizwa na mtu wa Nairobi nina maoni gani, nikafunguka kama bomba. Nilipunguza utabiri wa hali ya hewa. Nilipunguza mapishi. Akasema, "Na haya majina ya mwisho, sekunde arobaini. Kuna mtu anayasoma?"

Nikasema hakuna.

Niliposema hivyo sikuwa nimesahau kitu. Nilikumbuka vizuri sana kwamba kuna mtu anayetaka kuyasoma. Lakini huwezi kumwambia mkubwa wako kwamba sekunde arobaini za kituo kizima zibaki kwa sababu ya mamako. Nikachukua kalamu yangu mwenyewe, nikapiga mstari. Saa ilikuwa saa nne na nusu. Nikajiambia daktari wa Mombasa hawezi kuwa na haraka. Kisha ikaletwa biriani.

Nilitoa simu kapuni saa saba. Alikuwa amepiga mara sita, zote kabla ya saa mbili na robo. Nikapiga, ikaita, hakushika. Nikapiga kwa daktari. Yule aliyeshika simu akaniambia kwa upole kwamba daktari alikuwa na safari, walimpigia mgonjwa mapema wakamwomba aje saa mbili u nusu badala ya saa nne, na mgonjwa akasema atamwuliza mwanawe kwanza. Hakuja. Daktari ameshaondoka.

Simu ikiwa bado mkononi, nikaenda kwa dada wa simu. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, "Yule mama wa asubuhi alikwambiaje?"

Akakumbuka neno kwa neno, maana ni mtu makini. "Alisema anataka kusema na mwanawe. Nikamwuliza, wewe ni nani? Akasema, mwambie ni mama. Nikaandika mama." Akanitazama. Kidogo kidogo uso wake ukabadilika. "Yesu wangu," akasema.

Mwanamke wa Kibokoni hatangazi jina lake kwa mtu asiyemjua kwenye simu. Hakuona haja pia. Alipiga nambari iliyosomwa kwenye kipindi kila asubuhi, nambari ya kazini kwa mwanawe, akaitwa mama akaitika, akaunganishwa. Alipomsikia mwanamume, adabu ikamtaka amsalimu kwanza. Neno lake lenyewe lilikuwa moja tu. Niende, au nikae?

Nilipanda tuktuk. Sikumbuki njia. Nilipanda ngazi zile ambazo nilimkataza kuzishuka, nikasukuma mlango. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amevaa buibui, mkoba uko mapajani, viatu vya kutokea miguuni. Televisheni ilikuwa inaongea peke yake. Ilikuwa saa nane kasoro. Hakuwa ameweka kitu kinywani tangu jana yake usiku, hata maji. Simu jirani alikuwa ameipeleka jikoni kuichaji, ikaita huko, na hakuinuka kwenda kuishika.

"Umekuja," akasema. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikata maini. "Nilipiga, mwanangu. Yule kijana wenu mwenye adabu akaniambia nikae hapa hapa, nisibanduke, mutanirudia. Nikajua ni wewe umemwambia."

Na ni mimi niliyemwambia. Nilipiga magoti pale chini, nikamvua viatu, maana miguu ilikuwa imevimba. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote. Nilitaka kumwambia yote. Badala yake nikamwambia daktari amesafiri, itabidi tungoje nafasi nyingine. "Si neno," akasema. "Wameridhika wakubwa wako?" Nikamwambia wameridhika. "Alhamdulillahi. Basi ndipo. Nipe maji."

Tulingoja miezi mitano. Katika miezi hiyo nikapata cheo, meza yenye droo za kufunga, na kazi ya kuwakatia watu wengi zaidi. Kile kipande cha bibi anayeuliza aende au akae kilienea mjini, watu wakakirusha kwenye simu zao mpaka Majengo, nikitembea nilisikia watoto wakijibizana, "Niende, au nikae?" "Usibanduke!" Mama alikisikia dirishani akacheka naye, hakujitambua, maana alidhani siku ile alisema na ofisi tu, si hewani; akasema sauti ya yule bibi inafanana na ya dada yake marehemu. Sikumwambia. Kwa hilo mpaka leo sijui kama nilimhifadhi yeye au nilijihifadhi mimi.

Siku ya daktari ilipofika sikwenda kazini. Niliomba likizo ya wiki nzima, ya kwanza tangu nianze kazi, na wenzangu walidhani nimeugua. Jicho moja likapasuliwa, likafungwa, likafunguliwa. Kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba nimezeeka. Cha pili, kwamba kuta zinahitaji chokaa.

Asubuhi yake akaniamsha saa kumi na mbili kasoro, amejitanda kanga mpya kama anayekwenda kwenye harusi, akanikalisha kando yake. Tulitazama kipindi kuanzia mwanzo. Alimtazama mtangazaji, akasema ni mwembamba kuliko sauti yake. Alisoma kila herufi iliyopita chini ya kioo, kwa sauti, polepole, kama watoto wa chuo cha Kurani, na alipokosea alirudi nyuma lakini herufi zilikuwa zimeshakwenda. Ilipokaribia saa tatu akasogeza kiti mbele. Nilikuwa na saa tatu nzima za kumwambia na sikumwambia. Mkono wake ulikuwa umenishika kifundo.

Muziki wa mwisho ukapigwa, sekunde tano. Likaja tangazo la sabuni.

Akangoja. Sabuni ikafua shati, shati likang'aa. Akasema, "Yatakuja baada ya hii?"

"Hayaji, mama."

"Mbona yalikuwa yakija? Jina lako li wapi? La babako?"

"Yamekatwa."

Akanigeukia. Lile jicho jipya lilikuwa safi, jekundu kidogo pembeni, likiniona vizuri kabisa.

"Nani kayakata?"

Nikamwambia, mimi.